Orodha za hospitali salama: jinsi ya kuzisoma kabla hujampeleka mtu wako kulazwa

Kwenye magrupu ya simu swali huwa lile lile, "hosi gani ndio namba moja hapa Nairobi nipeleke mamangu?", alafu chini yake kuna skrinishoti ya hospitali kumi bora, na jioni haijafika watu washaanza kubishana nani anafaa kuwa juu ya nani. Nimekuwa nikijibu kipande kipande, sasa acha niweke yote mahali pamoja. Hii ni ya mtu ambaye hajasomea udaktari, ana mgonjwa nyumbani, ana siku ama wiki kadhaa za kuamua, na anataka kujua hizo gredi na nyota na namba zinamwambia nini haswa.

Jibu fupi ni hili. Orodha nyingi zinazozunguka kwa simu hazipimi usalama hata kidogo, na zile chache zinazopima zinapima hospitali nzima, tena kwa mambo ya miaka iliyopita, hazijui operesheni ya mamako wala wodi atakayolala. Usiisome kama jedwali la ligi, juu kwa ligi kila timu inacheza mechi sawa na mabao yanahesabiwa kwa sheria moja, na hospitali haziko hivyo. Orodha isome ikupe maswali ya kwenda kuuliza. Hapo itakusaidia kweli.

Kama ni dharura usisome hii

Mtu anatokwa na damu haikatiki, hapumui vizuri, mdomo umepinda ghafla na mkono umelegea, mjamzito ameanza kutetemeka fiti, mtoto amelegea haamki, toka uende hospitali iliyo karibu sasa hivi, ukikosa gari piga 999 ama 112. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura na Sheria ya Afya ya 2017 imerudia jambo hilo hilo, kwa hivyo wakianza na habari ya dipoziti mlangoni watajie hiyo sheria bila woga. Mwongozo huu ni wa vitu vinavyoweza kungoja kidogo: henia, fibroidi, nyonga, goti, kujifungua kulikopangwa, kemo, mtoto wa kutolewa tonsili.

Kuwa na hivi mkononi kwanza

- Jina la ugonjwa na la operesheni vile daktari ameliandika, sio "shida ya tumbo". Kama hujui kusoma mwandiko wake mrudishie akuandikie kwa herufi kubwa, ni haki yako.
- Ripoti zote, picha za eksirei na skani, na majina ya dawa zote mgonjwa anameza, hata za miti shamba, pamoja na dawa ambayo ilishawahi kumletea shida.
- Orodha ya hospitali ambazo bima yako inalipa. Kama ni SHA, bima ya afya ya serikali ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisha jina liko sawa na michango imelipwa. Kama ni bima ya kazini uliza ofisini paneli ni gani, yaani hospitali zipi wanazolipa. Watu hupoteza wiki nzima wakichambua hospitali ambayo hata hawawezi kulipiwa.
- Bando kidogo, daftari na kalamu. Daftari usiache, juu ukiwa na wasiwasi utasahau kila kitu ulichoambiwa.
- Mtu mmoja wa kuenda naye, mtulivu, anayeweza kuuliza swali mara ya pili bila kuona haya.

Hatua ya 1: Jua hiyo orodha inapima nini

Tafuta jina la waliotengeneza. Kama halipo, ama ukifungua unapata ni tangazo la hospitali yenyewe, iweke kando. Kama jina lipo, basi iko kwenye moja ya mafungu haya.

Kuna gredi za usalama zenyewe. Ile inayojulikana zaidi ni ya shirika la Leapfrog la Marekani, tangu 2012 wanapea hospitali za huko herufi kutoka A mpaka F, mara mbili kwa mwaka. Wanaangalia mambo kama maambukizi ambayo mtu anayapata akiwa wodini, vifaa vilivyosahaulika mwilini baada ya upasuaji, wagonjwa kuanguka, kunawa mikono, na kama dawa zinaandikwa kwa kompyuta inayoweza kumwonya daktari dozi ikizidi. Serikali ya Marekani nayo ina nyota zake, 1 mpaka 5, tangu 2016, lakini angalia vizuri: usalama ni fungu moja tu kati ya 5, mengine ni vifo, wagonjwa wanaorudi kulazwa tena, maoni ya wagonjwa, na huduma kutolewa kwa wakati. Uingereza kwa upande wa England kuna CQC, wakaguzi wanaouliza maswali 5, usalama likiwa moja, na uzuri wao ni kwamba wanapima idara kwa idara, kwa hivyo unaweza kuona hospitali moja upande wa uzazi ni mbaya na upande wa upasuaji ni mzuri. Kama una dada ama mjomba anaishi huko, mwelekeze aangalie idara.

Kuna orodha za sifa. Mfano ile ya Newsweek ya hospitali bora duniani, ilianza 2019, humo maoni ya madaktari wenzao yana uzito mkubwa. Sifa sio kitu kibaya, ila daktari anayesifu hospitali kutoka mbali hajahesabu nani alinawa mikono.

Kuna ithibati, yaani wakaguzi wamekuja wakaangalia taratibu wakatoa cheti. Hiyo nitaieleza kwa hatua ya 6 juu kwa Mkenya ndiyo yenye kazi zaidi.

Alafu kuna nyota za Google. Zisome, mimi huzisoma, lakini zisome ukijua watu wanaandika kuhusu parking, foleni ya famasia, bili, na nesi aliyewajibu vibaya. Mtu aliyepata maambukizi ya kidonda siku ya kumi akiwa nyumbani mara nyingi hata hajui yalitoka thieta. Ukikuta malalamiko ya aina moja yamejirudia kwa watu tofauti miezi tofauti, kwa mfano kuachwa bila kuangaliwa usiku, hiyo andika kwa daftari.

*Hapa watu hukosea sana:* kuchukua Levo kuwa alama ya ubora. Levo ya hospitali hapa Kenya inasema inatoa huduma gani. Levo 2 ni zahanati, 3 ni kituo cha afya, 4 hospitali ya kaunti ndogo, 5 hospitali kubwa ya kaunti, 6 ni rufaa ya kitaifa kama Kenyatta National ama ile ya Kenyatta University. Levo 6 ina wataalamu na mashine ambazo Levo 4 haina, lakini haimaanishi wodi yake ni safi kuliko, wala kwamba kutolewa henia rahisi huko ni salama zaidi. Mama mwenye mimba isiyo na shida anaweza kuhudumiwa vizuri kabisa karibu na kwake, bora pahali hapo pawe na njia ya kumhamisha haraka mambo yakibadilika.

Hatua ya 2: Angalia tarehe

Gredi iliyotolewa mwaka huu kwa kawaida imetengenezwa na data ya mwaka mmiliki wa orodha aliweza kupata, na hiyo mara nyingi ni ya mwaka jana ama hata miaka miwili mitatu nyuma. Katikati hapo mkurugenzi amebadilika, manesi wameenda Uingereza, kumekuwa na mgomo, jengo jipya limefunguliwa. Usitupe gredi ya zamani, ila iandikie mwaka wake pembeni kwa daftari.

Hatua ya 3: Tafuta ugonjwa wako ndani yake

Fungua orodha uone kama kuna mahali pametaja idara yako. Kama ni operesheni ya moyo na gredi ni ya hospitali nzima, hiyo gredi imechanganya moyo na uzazi na mifupa kwenye sufuria moja, na wewe unataka moyo peke yake. Ukikosa idara yako, andika kwa daftari "haisemi kuhusu moyo" na uendelee. Hii hatua ni fupi lakini ndiyo inaokoa watu wengi wasidanganyike na herufi A.

Hatua ya 4: Uliza walihesabu wangapi

Nakaa hapa kidogo juu ndipo namba zinadanganya hata bila mtu kudanganya.

Tuseme kuna operesheni ambayo kwa kweli, pahali popote, inaua watu 2 kwa kila 100. Hospitali ndogo imefanya 20 tu mwaka mzima. Ukipiga hesabu, kuna nafasi ya kama theluthi mbili kwamba haitakuwa na kifo hata kimoja mwaka huo. Wataandika "hatujapoteza mgonjwa" na ni kweli hawajapoteza, lakini hawako salama kuliko wengine, wamefanya chache tu. Mwaka unaofuata wanapoteza mmoja, sasa ni 5 kwa 100, na orodha inawashusha mpaka chini. Hakuna kitu kilichobadilika thieta. Kwa hivyo kila unapoona asilimia, uliza ni asilimia ya watu wangapi. Chini ya mia moja usiibebe sana.

Jambo la pili ni aina ya wagonjwa. Hospitali kubwa ya rufaa inapokea wale ambao hospitali nyingine zilishindwa nao, wa ajali kutoka barabarani, mama aliyezungushwa hospitali tatu kabla ya kufika. Ukihesabu vifo bila kuangalia walifika wakiwa hali gani, hiyo hospitali itaonekana mbaya kila siku. Orodha nzuri hurekebisha, yaani hulinganisha waliokufa na waliotarajiwa kufa kwa hali waliyokuja nayo. Ukiona namba kama 0.8 ama 1.3 kwenye maambukizi, ndiyo hiyo: 1 maana yake ni vile ilivyotarajiwa, chini ya 1 ni nafuu, juu ya 1 ni mbaya kuliko ilivyotarajiwa. Orodha isiyosema kama imerekebisha, chukulia haijarekebisha.

La tatu linashangaza watu. Hospitali inayoripoti makosa mengi inaweza kuwa ndiyo salama. Mahali manesi wanaandika kila dozi iliyokosewa na kila mgonjwa aliyeteleza bafuni, namba inapanda. Mahali wanaogopa kufukuzwa, faili ni safi kabisa na wagonjwa wanaumia kimya kimya. Kwa hivyo sifuri isikufurahishe mpaka ujue wanahesabu vipi.

Hatua ya 5: Usipiganie nafasi ya 3 na ya 7

Tofauti kati ya hospitali zilizo katikati mara nyingi ni ndogo mno kuwa na maana kwako. Angalia mwisho wa chini tu: kama orodha nzuri imeipa hospitali alama mbaya kabisa, mara mbili ama tatu mfululizo, hapo simama uulize kwa nini.

Kumbuka pia kwamba kwa orodha ya nafasi lazima mtu awe wa mwisho. Marekani serikali hukata asilimia 1 ya malipo ya Medicare, bima ya serikali ya wazee huko, kwa ile robo ya hospitali zilizo na alama mbaya zaidi kwenye madhara yanayopatikana hospitalini. Hata zote zikiboreka mwaka huo, robo itakatwa tu. Kuwa chini hakumaanishi umerudi nyuma, na kuwa juu hakumaanishi umefika.

Hatua ya 6: Thibitisha leseni na ithibati mwenyewe

Hapa Kenya hatuna jedwali la wazi kama la Leapfrog ambalo mgonjwa anaweza kufungua aone maambukizi ya kila hospitali. Tuna vitu vingine, na vingi ni vya bure.

Kwanza leseni. Baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, ndilo linasajili madaktari na kutoa leseni za hospitali, na kwenye tovuti yao unaweza kutafuta jina la daktari na la hospitali. Fanya yote mawili. Daktari mtafute kwa jina lake kamili na uone kama ubobezi wake ndio ule alioandika mlangoni. Leseni ya hospitali hubandikwa ukutani, isome mwaka na Levo yake. Kama wanakuambia utalazwa na kufanyiwa upasuaji na leseni ni ya kliniki ya kuona wagonjwa na kurudi nyumbani, toka.

Pili ithibati. JCI ni shirika la Marekani linalokagua hospitali duniani kote, cheti chake ni cha miaka 3, na kwenye tovuti yao kuna orodha ya walionacho sasa hivi. Hapa Nairobi hospitali ya Aga Khan University imekuwa nacho tangu 2013. Hospitali ikisema "tuko na JCI" angalia kule, juu vyeti huisha na bango hubaki. Wakaguzi wa JCI huangalia malengo 6 ya usalama wa mgonjwa: kumtambua mgonjwa sawasawa, wahudumu kuelewana, dawa zenye hatari kubwa, upasuaji salama, kuzuia maambukizi, na kuzuia kuanguka. Cheti kinasema taratibu ziko na wakaguzi waliziona zikifanywa. Hakisemi jana usiku zilifuatwa.

Kwa kliniki na hospitali ndogo kuna SafeCare, ilianzishwa 2011 na shirika la PharmAccess pamoja na JCI na wenzao wa Afrika Kusini wa COHSASA. Inapima kwa ngazi 1 mpaka 5, na 5 ndiyo ya juu. *Tahadhari:* ngazi ya SafeCare na Levo ya serikali ni vitu viwili tofauti. Kliniki ya Levo 2 inaweza kuwa na SafeCare 4, na huo ni ushahidi mzuri wa usalama kuliko bango la Levo 4 peke yake. Uliza ni 4 ya nani.

Hatua ya 7: Enda na maswali

Ukishabaki na hospitali mbili ama tatu, piga simu uombe kuongea na msimamizi wa wodi ama muuguzi anayesimamia kuzuia maambukizi. Bora zaidi uende mwenyewe, mchana saa za kutembelea wagonjwa. Ongea kwa heshima, "samahani sista, tunataka kumleta mama wiki ijayo, naomba kuuliza mambo machache". Maswali ni haya:

1. Operesheni hii mnafanya ngapi kwa mwaka, na daktari huyu binafsi anafanya ngapi? Jibu zuri lina namba. "Nyingi sana" sio namba.
2. Kati ya hao, wangapi kidonda kilipata maambukizi? Sikiliza wanavyojibu zaidi ya namba yenyewe. Akisema "tunawafuatilia kwa simu mpaka siku ya 30, mwaka jana tulipata kadhaa, tukabadilisha hivi na hivi", hapo kuna watu wanaojua kazi. Akisema "hapa kwetu hakuna maambukizi", hawahesabu.
3. Thieta mnatumia ile orodha ya ukaguzi ya WHO, Shirika la Afya Duniani? Ina vipengele 19, husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kisu, na kabla hajatoka thieta. Mnamo 2009 yalitoka matokeo ya majaribio yake kwenye hospitali za miji 8 duniani, moja ikiwa jirani zetu Ifakara, Tanzania, na vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo mengine kutoka 11 hadi 7. Karatasi moja tu. Mahali wanaitumia kweli, nesi wa thieta atakueleza bila kufikiria.
4. Usiku na wikendi nani yuko ndani ya jengo? Daktari wa usingizi anakaa hapa ama anaitwa kutoka nyumbani? Swali hili liulize mara mbili kama ni la kujifungua.
5. Damu ikihitajika inatoka wapi na inachukua muda gani kufika? Kwa mama anayejifungua hili ni la kufa na kupona, na kuna hospitali nzuri za kupendeza macho ambazo hazina jibu.
6. Nesi mmoja usiku anaangalia wagonjwa wangapi?
7. Kitu kikienda vibaya nani ataniambia, na lini?

Ukiwa hapo tembeza macho pia. Sinki ina maji na sabuni, sio sinki kavu yenye maua? Nesi akitoka kitanda hiki kwenda kile anasafisha mikono? Boksi la sindano limejaa mpaka juu? Wagonjwa wamevaa bendi za majina mkononi? Vioo vya mapokezi na kahawa ya bure usivihesabu.

*Kosa la kuepuka:* kuuliza maswali haya yote kwa mtu wa mapokezi. Hajui, na atakujibu chochote ili uridhike.

Hatua ya 8: Akishalazwa usalama unaanza upya

WHO inasema mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa anahudumiwa, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangezuilika. Hii ni dunia nzima, hospitali zenye gredi nzuri zikiwemo. Kwa hivyo ukishachagua usirudi nyumbani ukalala.

Kila anayekuja na dawa, sindano ama kitanda cha kusukuma, aulize jina kamili la mgonjwa na tarehe ya kuzaliwa ama namba ya faili. Sio "mgonjwa wa kitanda cha tano". Mwaka 2018 pale Kenyatta National mgonjwa alifunguliwa kichwa na hakuwa yeye wa kufunguliwa, bendi za utambulisho zilikuwa zimechanganywa, nchi nzima ikashtuka. Swali la sekunde tano. Kama mgonjwa hawezi kuongea, ndugu aliye karibu ajibu.

Upasuaji ukiwa wa upande mmoja, goti la kushoto tuseme, hakikisha daktari ameweka alama kwa kalamu kabla hajaingia thieta.

Usimnyoe nyumbani na wembe. Najua wengi huambiwa wajitayarishe, lakini wembe huacha mikato midogo ambayo vijidudu huingilia, na mwongozo wa WHO wa 2016 unakataza kunyoa. Kama nywele lazima zitoke, zikatwe na mashine pale hospitali. Na uliza antibayotiki ya kinga itatolewa saa ngapi, inatakiwa iingie mwilini kabla ya kisu, ile orodha ya ukaguzi inauliza kama imetolewa ndani ya dakika 60.

Branula na mpira wa mkojo, uliza kila siku: bado vinahitajika? Vikikaa bila sababu ndivyo vinaleta maambukizi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili ama tatu, usingoje ngozi ibadilike rangi.

Na siku ya kutoka, usitoke bila karatasi inayosema dawa gani, mpaka lini, dalili gani ni za kurudi haraka, na namba ya simu inayoshikwa usiku.

Ukikwama

*Orodha mbili zinapingana.* Ni kawaida. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha orodha 4 kubwa za Marekani, na kati ya hospitali 844 zilizosifiwa na orodha moja, ni asilimia 10 tu zilizosifiwa na nyingine yoyote, na hakuna hata moja iliyosifiwa na zote nne. Kila orodha inapima kitu chake. Rudi hatua ya 1, baki na ile inayopima unachokihitaji.

*Hospitali imekataa kujibu maswali.* Jaribu mtu mwingine, ama umwombe daktari aliyeandika rifero apige simu, wao wanajibiana. Wakikataa kabisa hata swali la nani yuko usiku, hilo limejibiwa.

*Bima inalipa hospitali moja tu.* Basi hatua ya 1 mpaka 5 ruka. Weka nguvu kwa ya 7 na ya 8, na uulize kama unaweza kuchagua daktari na siku. Mimi ningechagua operesheni ya asubuhi katikati ya wiki, wakati watu wote wako kazini.

*Ajenti anatupeleka India na anasema ni namba moja.* Muulize namba moja ya nani, mwaka gani, kwa operesheni gani. Angalia cheti cha JCI ama cha NABH, hicho cha pili ndicho cha bodi ya India yenyewe, kwenye tovuti zao sio kwenye picha ya WhatsApp. Uliza ajenti analipwa na nani. Na kabla ya kulipa, pata daktari hapa Nairobi atakayekubali kumfuatilia mgonjwa akirudi, juu kidonda kikishika usaha wiki ya pili utakuwa Embakasi na daktari wako atakuwa Chennai.

*Hospitali ina sifa mbaya lakini daktari tunayemwamini yuko pale.* Muulize yeye mwenyewe, "daktari, ungekuwa ni mzazi wako ungemfanyia hapa ama pengine?" Madaktari wengi hufanya kazi hospitali zaidi ya moja, na wengi watakuambia ukweli ukiwauliza hivyo.

*Kitu kimeshaharibika.* Andika saa, tarehe na majina siku hiyo hiyo. Omba kuonana na daktari na msimamizi wa wodi pamoja, waeleze kilichotokea. Omba nakala ya faili kwa maandishi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Usipopata jibu la maana, malalamiko dhidi ya daktari ama hospitali yapeleke KMPDC, ya nesi yaende Baraza la Wauguzi, na ya famasia yaende kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Peleka nakala, zile halisi baki nazo nyumbani.